Chuma cha Katuruka: Urithi wa Wachimbaji na Wafua Chuma wa Buhaya



Ndugu wapendwa, juma hili ningependa tuitafakari kazi ya mikono ya wazee wetu. Mgeni afikapo Bukoba akauliza habari za nchi hii, ataelezwa juu ya migomba, kahawa, ziwa, senene na shule za zamani. Ni nadra atajiwe chuma. Na bado, muda mrefu kabla ya kahawa kuwa zao la kuuza ng'ambo, na kabla ya meli kushusha majembe ya kiwandani kwenye fukwe zetu, vilima hivi vilikuwa makao ya watu waliochimba mawe ya chuma, wakachoma makaa, wakajenga matanuri na kuyeyusha. Walifanya hivyo kwa muda wa miaka isiyopungua elfu mbili. Jamii chache duniani zinaweza kusema hivyo juu ya shughuli moja iliyofanyika katika ardhi ile ile.

Tuanzie Katuruka, kijiji kilichopo Maruku, kusini mwa mji wa Bukoba. Sisi wa Rubafu tusidhani kwamba hiyo ni habari ya watu wengine. Bugabo yetu, kabla ya falme kugawanyika, ilikuwa sehemu ya Kyamtwara ya kale, na Mukama mmojawapo wa Kyamtwara hiyo alikuwa Rugomora Mahe, aliyetawala katika karne ya 17 akiwa na makao yake hapo Katuruka. Kwa hiyo habari za Katuruka ni habari za nyumba moja tuliyotoka sote.

Masimulizi ya wazee yanasema kwamba Rugomora Mahe alitamani kujua mbingu inafananaje. Akawaita wahunzi, abahesi, akawaamuru wafue chuma na kujenga mnara utakaofika juu. Kazi ikaendelea siku nyingi, mnara ukapanda, kisha ukaanguka na kuua watu. Msomaji wa Biblia atakumbuka mara moja mnara wa Babeli katika sura ya 11 ya Kitabu cha Mwanzo. Wengine wangeweza kudhani kwamba kisa hiki kililetwa na wamisionari. Lakini visa vya mnara uliojengwa kuelekea mbinguni ukaanguka vinasimuliwa pia na makabila ya Zambia na Kongo, na kisa cha Katuruka kina jambo ambalo halimo katika cha Babeli: kinataja mahali. Wazee walisema chuma cha mnara kilifuliwa chini ya mti mkubwa uitwao Kaiija, na jina lenyewe hufasiriwa kuwa ni mahali pa kufulia chuma.

Mwaka 1969 alifika Buhaya kijana Mmarekani, Peter Schmidt, akitafiti historia na mambo ya kale. Tofauti na wengi waliomtangulia, hakuanza na jembe na kamba ya kupimia. Alianza kwa kukaa na wazee na kuwasikiliza. Walimpeleka Kaiija, wakamwambia: hapa ndipo. Mwaka 1970 alichimba. Chini ya ardhi akakuta mabaki ya shughuli za kufua chuma, pamoja na vigae vya vyungu vya namna ile ambayo wataalamu huita Urewe, kwa jina la mahali huko Kenya vilikotambuliwa kwanza. Makaa yalipopimwa umri wake katika maabara, majibu yakawashangaza wengi. Hayakuwa ya karne ya 17, wakati wa Rugomora Mahe. Yalikuwa ya karne nyingi kabla ya Kristo kuzaliwa. Baadhi ya tarehe za kale kabisa bado zinabishaniwa, na ni haki zibishaniwe. Lakini kwamba chuma kilifanyiwa kazi Katuruka tangu karne za mwisho kabla ya Kristo, hilo limeshika mizizi katika elimu.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Kwa maneno matupu, bila kitabu wala ramani, watu wa kijiji waliweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo chuma kilifuliwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Jina la mfalme lililofungamanishwa na mahali hapo lilikuwa la baadaye sana, kwani Schmidt anaeleza kwamba watawala wa ukoo wa Bahinda waliweka ikulu penye sifa ya kale ili nao wapate heshima ya kale hiyo. Lakini mahali penyewe pametunzwa na kumbukumbu. Masimulizi yalikosea hesabu ya miaka, ila hayakukosea mahali. Wasomi waliozoea kusema kwamba Mwafrika asiye na maandishi hana historia walipaswa kunyamaza kidogo.

Katika miaka ya baadaye uchimbaji ulifanyika pia kando ya ghuba ya Kemondo. Huko yalipatikana mabaki ya matanuri ya karne za kwanza baada ya Kristo, mirija ya udongo iliyoyeyuka ncha, na mavi ya chuma kwa wingi. Kumbe ilikuwa shughuli pana, yenye mafundi wengi na mahitaji makubwa, kupita kiasi cha mhunzi mmoja na mwanawe kujitengenezea jembe la nyumbani.

Kazi hiyo ilifanywaje? Mwaka 1976, Schmidt pamoja na mtaalamu wa metali Donald Avery, wa Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani, waliwaomba wazee waliokuwa wameshiriki uyeyushaji ujanani mwao waifanye tena kazi ile. Takriban miaka hamsini ilikuwa imepita tangu walipoiacha. Walihitaji kujaribu zaidi ya mara moja, wakikumbushana na kusahihishana, hadi mikono ikarejea katika njia yake. Kutokana nao tunajua mengi.

Kwanza ni kuchimba mawe yenye chuma na kuyaoka juu ya moto wa kuni, ili yakauke, yapasuke kwa urahisi na kuanza kuingiwa na kaboni. Pili ni makaa, yaliyochomwa kwa miti iliyochaguliwa, maana si kila mti hutoa makaa ya kuyeyushia. Tatu ni tanuri. Lilichimbwa shimo, likasiribwa kwa udongo wa kichuguu, ambao huvumilia moto mkali. Shimo likajazwa majani na matete ya kinamasi yaliyokwisha kuchomwa hadi yakawa meusi. Juu yake ukajengwa ukuta wa duara, wenye kimo cha karibu mita moja na nusu, kwa kutumia vipande vya mavi ya chuma ya zamani na udongo wa kichuguu. Kuzunguka chini yake iliingizwa mirija ya udongo minane, kila mmoja ukiwa na mivukuto yake na mtu wake wa kuvukuta. Kazi ya kuvukuta iliendelea saa nyingi mfululizo, kwa nyimbo, bila kupumzika, kwa sababu tanuri lililopoa katikati ni hasara ya kila kitu kilichotangulia.

Zingatieni hayo matete yaliyochomwa. Mtu asiyejua angeyaona kuwa takataka za kujazia shimo. Kumbe matete yale yalitoa kaboni nyingi kwa chuma kilichokuwa kikishuka, kikakutana nayo na kugeuka kuwa chuma kigumu, yaani chuma cha pua. Vilevile mirija ile haikuishia ukutani. Iliingia hadi ndani ya tanuri, na Schmidt na Avery walifikiri kwamba kwa njia hiyo hewa ilipata moto kabla ya kufika kwenye makaa. Walipima joto lililozidi nyuzi 1,800 za sentigredi. Waliyachapisha hayo katika jarida la Science mwaka 1978, na magazeti makubwa ya dunia yakaandika habari za Wahaya na chuma chao.

Hapa naomba tuwe waangalifu. Siku hizi vijana wetu hupokezana katika simu habari kwamba Wahaya ndio waliovumbua chuma cha pua, na kwamba Ulaya ilikuja kujua karne 19 baadaye. Maneno hayo yanapendeza masikioni, ila yamezidi ushahidi. Wataalamu wengine wa metali wamehoji iwapo hewa katika mirija hupata moto wa kutosha kuleta tofauti kubwa. Na chuma chenye kaboni kilitengenezwa pia na watu wengine wa kale, Asia na kwingineko, na hata hapa kwetu Afrika Mashariki kulikuwa na mbinu nyingine kabisa, kama matanuri marefu ya Ufipa yaitwayo malungu. Heshima ya wazee wetu haihitaji chumvi. Kweli yenyewe inatosha: walijua mawe yao, miti yao, udongo wao na matete yao, wakaviunganisha kwa akili nyingi, wakapata chuma kizuri. Urithi unaosimama juu ya uongo, hata uongo wa kusifu, utaanguka kama mnara wa Rugomora.

Kazi hiyo ilikuwa pia na utaratibu wake wa maisha. Wayeyushaji walikaa kambini, mbali na nyumba zao, wakajinyima unyumba kwa muda wote wa kazi. Tanuri lilihesabiwa kama mama, na chuma kama mtoto anayezaliwa. Dawa ziliwekwa chini ya shimo, na nyimbo zilikuwa za uzazi na ndoa. Mkristo wa leo hatashiriki mambo hayo yote, na sisemi ayashiriki. Lakini ayaelewe. Watu wale waliona kwamba kutoa chuma katika jiwe si jambo la kawaida, kwamba kuna kitu kinachozaliwa, na kwamba mtu aendaye kwenye kazi ya namna hiyo inampasa kujitawala. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamweleza mhunzi aliyeketi karibu na fuawe, ngozi yake ikiungua kwa mvuke wa moto, na anahitimisha kwamba watu wa namna hiyo ndio wanaoutegemeza ulimwengu, ingawa hawakai katika viti vya waamuzi.

Na ni kweli waliutegemeza. Bila shoka la chuma msitu haufyekwi. Bila jembe la chuma kibanja hakipandwi kwa urahisi. Majembe yalisafiri katika biashara na kuhesabiwa katika mahari. Tena kulikuwa na gharama yake. Makaa yalidai miti, na uchunguzi wa mambo ya kale unaonyesha kwamba kwa karne nyingi uyeyushaji ulichangia kupunguza misitu. Tunapoitazama rweya yetu, ile nyika ya majani isiyo na miti kati ya kijiji na kijiji, tusiseme upesi kwamba Mungu aliiumba hivyo. Huenda sehemu yake ni kazi ya shoka na tanuri. Wazee wetu walikuwa na akili, na walikuwa pia wanadamu waliotumia kuliko walivyorudisha. Urithi wa kweli hutufundisha pande zote mbili.

Ulikomaje? Hakuna aliyeupiga marufuku siku moja. Wajerumani walianzisha kituo Bukoba mwaka 1890. Wamisionari wa Afrika walifika Kashozi mwaka 1892. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, huko Kisumu, mwaka 1901, na tangu hapo bidhaa za viwandani zikavuka ziwa kwa meli. Jembe la kigeni liliuzwa kwa bei ambayo kambi ya kuyeyusha, yenye siku nyingi za kuchimba, kuchoma makaa na kuvukuta, haikuweza kushindana nayo. Kahawa nayo ikaleta fedha ya kulinunulia. Kufikia miaka ya 1920 uyeyushaji ulikuwa umekoma karibu kabisa. Wahunzi waliendelea, lakini kwa kufua chuma chakavu kilichotoka kwingine. Fundi aliyejua kutoa chuma katika jiwe akawa mzee mwenye ujuzi asiouhitaji mtu.

Msiba wa pili ulikuwa wa kumbukumbu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Tunajua yaliyofuata: nyumba zilizofungwa, watoto waliolelewa na bibi, makaburi mapya katika vibanja. Tumezoea kuhesabu vifo na yatima. Hatukuhesabu hadithi. Masimulizi ya ukoo hupita kutoka kwa babu kwenda kwa baba, na kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na kizazi cha katikati kilipoondoka, mnyororo ulikatika. Katika familia nyingi babu aliyekuwa akijua alikufa, na yule aliyepaswa kupokea alikuwa amemtangulia kaburini.

Ndiyo maana yaliyotokea Katuruka yana uzito. Mwaka 2008 wanakijiji wenyewe walimwendea Schmidt, mtafiti yule yule wa ujana wao, sasa akiwa mzee, wakamweleza kwamba wanataka kuokoa kilichobaki. Waliunda kamati, wakaenda kwa wazee waliosalia na kuandika na kurekodi masimulizi yao. Walienda pia kwa akina mama, ambao watafiti wa zamani hawakuwauliza sana, nao wakakutwa na mambo mengi ambayo wanaume hawakuyajua. Wakajenga upya nyumba za asili katika eneo la ikulu ya Rugomora Mahe, ili mgeni na mtoto wa shule waweze kuingia na kuona. Hawakungoja serikali wala mfadhili awaambie kwamba wana kitu cha thamani.

Hili halikutokea kwetu tu. Huko Ireland, katika jimbo la Roscommon, kuna bonde la vijijini liitwalo Arigna. Watu wake walichimba chuma, kisha makaa ya mawe, kwa vizazi vingi, wakilala ubavu katika mashimo membamba. Mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka 1990, na kazi ya bonde zima ikaisha. Mwaka 2003 walifungua hapo makumbusho, na waliowaongoza wageni chini ya ardhi wakawa ni wachimbaji wenyewe wa zamani. Waliwahi kwa miaka 13. Mgeni alimsikia mtu ambaye kifua chake kilikuwa kimemeza vumbi la mgodi ule. Sisi, tangu tanuri letu la mwisho lipoe, tumekwisha kukaribia miaka mia moja. Wale waliovukuta mivukuto mwaka 1976 walikuwa wazee tayari. Kwetu mashahidi waliobaki ni wajukuu na vitukuu, na vipande vya mavi ya chuma vinavyotoka ardhini wakati wa kulima au kuchimba msingi wa nyumba.

Tena habari za madini zinarudi mkoani kwetu. Kyerwa wanachimba bati. Kule Kabanga, wilayani Ngara, serikali ilitia saini mwaka 2021 mkataba wa mradi mkubwa wa nikeli, na ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel ambayo Taifa lina asilimia 16 ya hisa zake. Vijana wa Kagera wataombwa kuchimba na kuyeyusha kama babu zao, ingawa kwa mitambo mingine. Ni vema wajue kwamba hawaingii katika kazi hiyo kama wageni waliopewa kibarua. Na ni vema waulize maswali ambayo historia ya chuma inatufundisha kuuliza: miti inakwenda wapi, faida inabaki kwa nani, na siku jiwe litakapokwisha, kijiji kitaishi kwa nini?

Najua wako waamini wanaosita. Wanasema: Padri, mahali kama Kaiija palikuwa pa matambiko, je, si hatari kupahifadhi? Naheshimu wasiwasi huo. Lakini kukumbuka si kuabudu. Waisraeli walisimika mawe Yordani ili watoto wao waulize maana yake, na hawakuyaabudu mawe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano umetufundisha kutambua yaliyo mema na ya kweli katika tamaduni za watu. Anayebomoa kila alichokirithi kwa jina la imani hupunguza ufahamu wake, wala imani haimwongezeki.

Basi, ndugu wapendwa, naomba mambo matatu madogo. La kwanza: yeyote atakayekuta vipande vya mirija ya udongo au mavi ya chuma shambani asivitupe ziwani wala kuvifukia bila kumwambia mtu. Aache mahali palivyo, amwonyeshe mwalimu na ofisa utamaduni. La pili: vijana wa kwaya na wa VIWAWA wachukue simu zao, ambazo zinarekodi vizuri kuliko mashine za watafiti wa 1970, waende kwa akina Ta na akina Ma wa vigango vyetu, na wawaulize: hapa palifanyika nini zamani, na nani alikuwa mhunzi? Waandike jina la mahali, maana tumeona kwamba mahali ndipo kumbukumbu inaposhikilia. La tatu: wazazi wasione aibu kuwaambia watoto kwamba wametoka katika ukoo wa wachimbaji na wahunzi. Kazi iliyochafua mikono haikuchafua jina.

Kumbukumbu nayo hupoa kama tanuri, na tumeona Katuruka kwamba huweza kuwashwa tena iwapo bado kuna kaa moja lenye moto chini ya majivu. Tusingoje kaa hilo lizimike.

Nawatakia Dominika njema. Tuombeane.